Mgongo Uliochomwa Kampala

Kila anayeingia hotelini kwangu hapa Hai Mauna, Juba, siku hizi haagizi chai kwanza. Anauliza mgongo. "Mama Keji, walikufanya nini huko?" Nami naanza kusimulia huku nageuza chapati, chapati inaungua, na wifi yangu Kiden ananikata katikati aongeze chumvi yake. Nimechoka. Basi nimeyaandika yote, mkisoma msiniulize tena. Mambo ya pasipoti, foleni na mihuri nimeyaruka, hayo kila mtu ana yake.

Mgongo wangu mnaujua. Miaka yote hii ya kuinamia sufuria imenila kiuno. Kuinama naweza, kuinuka ndiyo vita. Vidonge nimemeza, mkanda nimevaa, mafuta ya kila rangi nimepakwa. Mwishowe daktari mmoja hapa Juba akaniambia kuna mwenzake Kampala anayetibu migongo kwa sindano tu, bila kisu. Nikamwambia anipe jina lake hapo hapo.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Keji, mwanangu wa pekee, alikuwa na mimba iliyokaribia, mjukuu wangu wa kwanza. Na kwetu mtoto mchanga havuki kizingiti cha nyumba mpaka atolewe nje mgongoni mwa nyanya yake, mama wa mama yake. Mama yangu alimtoa Keji hivyo, kule Kitale tulikokuwa wakimbizi, na alikuwa mzee kuliko nilivyo leo. Mimi hata ndoo nusu ilikuwa inanishinda. Nikaapa mbele ya Keji kwamba nitarudi na mgongo wa kubeba mtoto.

Juba hadi Nimule, nikitazama nyuma

Kiden alinisindikiza. Yeye ni dada ya mume wangu, amekulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake mnakijua: ngeli amezitupa zote mtoni. Alibeba mfuko wa samaki wakavu kutoka Rejaf na kopo la odi, ufuta uliosagwa, kwa sababu hawaamini watu wa Kampala na chakula.

Kiti cha basi kilinishinda kabla hatujalivuka daraja la Juba. Kila shimo la barabara lilinipanda kiunoni mpaka kwenye meno. Nikageuka, nikapiga magoti juu ya kiti, nikakumbatia egemeo lake, na hapo maumivu yakapungua. Kwa hiyo, jamani, mimi nilisafiri kwenda Nimule huku nikitazama Juba.

Ukisafiri hivyo, abiria wa nyuma yako hana pa kutazama ila usoni pako. Wangu alikuwa mzee wa Kisomali, Mzee Dahir, mzaliwa wa Garissa, ana duka la sukari na mchele kule soko la Konyokonyo. Mwanzoni alitazama dirishani kwa heshima. Baadaye alishindwa.

"Mama, ni mgongo?"

"Ni mgongo, mzee. Nisamehe, si kwamba nakukodolea macho."

"Usijali. Mimi pia ulinisumbua nikiwa kijana." Akapandisha suruali kidogo, akanionyesha vialama vya mviringo juu ya kifundo cha mguu, vimepangika vizuri. "Nyanya yangu alinichoma. Alitia kijiti motoni, akanichoma hapa, na hapa, na hapa. Kwetu wanasema ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Siku ya pili nilikuwa nakimbiza ngamia."

Kiden alikuwa anasinzia. Aliposikia moto, akaamka kabisa. "Alichoma mguu, na mgongo ndo ilipona?"

"Mguu na mgongo ni kamba moja, dada yangu."

"Kweli kabisa," akasema Kiden, na kuanzia hapo akawa mwanafunzi wake. Mpaka Nimule walizungumza habari ya moto: kijiti cha mti gani, kina joto kiasi gani, mgonjwa anashikwa na watu wangapi. Mimi nikiwa katikati yao nimepiga magoti, wananipima kwa macho kama mbuzi wa sikukuu. Nikawaambia, "Haki ya Mungu, mtu asiniguse. Mimi naenda kudungwa sindano ya kisasa."

"Sindano!" akasema Mzee Dahir kwa huruma. "Sawa mama. Lakini mwishowe watakuchoma. Utaniambia."

Mpakani, palipotushika

Mpakani lori moja lilikuwa limekatika ekseli na kulala barabarani kama ng'ombe aliyekataa kuamka, na nyuma yake malori mengine yakapanga mstari ambao mwisho wake sikuuona. Basi likazima injini. Dereva akasema, "Malesh, poleni, tunangoja," akashuka kutafuta kivuli.

Mama mmoja muuza chai aliniona natembea nimejikunja, akatandika mkeka nyuma ya kibanda chake bila kuuliza chochote. Nikalala chali, miguu juu ya kreti ya soda. Weh! Utamu wa ule mkeka siwezi kuueleza. Akatuletea samaki wa kukaanga wa mto ule ule wetu, asida, yaani ugali, na pilipili iliyonitoa machozi ya aina nyingine. Mzee Dahir akalipia chai yetu sote, akakataa kusikia neno. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande, na mimi nikajifunza kwamba nikilala na kula vizuri, hata mpakani napatamani.

Keji akapiga simu. "Mama, umefika Kampala?"

"Nimefika kwenye samaki."

Akacheka, halafu sauti ikashuka. "Mama, mtoto amezidi kushuka. Harakisha."

Lori likavutwa, tukavuka. Upande wa pili Mzee Dahir alishukia, ana ndugu yake Elegu. Akaniombea dua ndefu, akamwambia Kiden, "Usiwaruhusu wamchome kidogo kidogo. Wachome vizuri."

Gulu, Karuma, na gonja

Kuanzia Gulu barabara ni lami laini, na mimi nikageuka nikakaa kama binadamu. Kiden alikuwa kama amerudi kwao. Alinilisha malakwang kwa viazi vitamu mpaka nikafungua vifungo. Yale majani machachu na odi ya ufuta, wacha wee! Nikamuuliza mpishi anavyopika, naye akanieleza kwa Kiacholi chote, nami nikaitikia kila neno. Mpaka leo sijui alichosema, lakini mwezi huu nitajaribu kuipika hapa, mtakula mtanyamaza.

Karuma tukapunguza mwendo darajani, na nyani wakakaa kando ya barabara kama askari wa kizuizi wanaongoja chai. Nikanunua gonja za kuchoma, moto moto. Nilijawa na furaha ya kitoto. Miaka mingi nilikuwa sijaenda popote kwa sababu ya kiuno, na sasa nilikuwa nakula ndizi kando ya maji yanayonguruma.

Kampala: neno moja, wanawake wawili, daktari mmoja

Daktari alikuwa Mtanzania, Mhaya wa Bukoba, kijana mwembamba mwenye sauti ya polepole. Tulipoingia akasimama. "Shikamoo mama."

Jamani, mimi na Kiswahili changu cha Kitale! Shikamoo niliisoma shuleni tu. Nilibabaika mpaka Kiden akajibu kwa niaba yangu, "Mzuri sana!"

Alinigonga, akanibonyeza, akaninyoosha mguu, akanisimamisha, akaniambia nijipinde nyuma. Hapo nikapiga kelele. Akatazama picha za mgongo wangu, akatueleza kwa kalamu: pingili za uti wa mgongo zimeshikana kwa viungo vidogo vidogo upande wa nyuma, kama bawaba za mlango. Vyangu vya chini vimesagika, na kila kimoja kina neva nyembamba inayopeleka habari ya maumivu kichwani. Nilimwelewa kila kitu. Nikajisikia msomi. Kisha akasema, kwa upole uleule:

"Basi mama, kesho tutakuchoma. Utalala kifudifudi, tutakuchoma pande zote mbili za kiuno. Ni dakika chache tu."

Kiden akaruka kutoka kitini. "Si mimi nilisema! Mzee alisema!" Akamgeukia daktari kwa furaha kubwa. "Daktari, nyinyi natumia kijiti ya mti gani?"

"Kijiti?"

"Au makaa?" nikauliza mimi. "Daktari, mwanangu, nimetoka Juba nikikimbia makaa."

Daktari alitutazama mmoja mmoja. "Mama, ni sindano. Nakuchoma sindano."

"Sindano inadungwa!"

"Kwetu inachomwa."

Mimi nikaanza kucheka, na kiuno kikanikamata katikati ya kicheko, nikawa nacheka na kulia pamoja, nimeshika meza. Daktari naye akashindwa, akafuta miwani. Kiden peke yake hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyenyimwa nyama.

Mfuko wa samaki

Kesho yake nilivalishwa gauni la kufunga nyuma, nikalala juu ya tumbo na mto chini yake. Juu yangu kulikuwa na mashine ya eksirei iliyopinda kama mkono wa mtu anayekumbatia, na daktari alikuwa akitazama mifupa yangu kwenye kioo huku anaingiza sindano. Alinieleza kwamba siku ile ni jaribio tu. Anaweka ganzi kidogo kwenye zile neva. Kama yeye amekosea mahali, nitaumwa vilevile. Kama amepatia, maumivu yatazimika kwa saa chache, na tutajua adui anaishi nyumba gani.

Ganzi ya ngozi iliwasha kama siafu. Kisha nikasikia msukumo mzito ndani, na ghafla maumivu yangu yaleyale, ya kila siku, yakaruka.

"Ndiye huyo!" nikapiga kelele. "Mshike!"

"Nimemshika, mama," akasema.

Baada ya kupumzika akaniambia, "Nenda sasa kafanye kila kinachokuumiza." Nikainama. Nikainuka. Nikainama tena nikagusa viatu vya Kiden, nikainuka. Hakuna kitu! Nikamkamata Kiden nikamzungusha kwenye korido mpaka muuguzi akatuambia tunyamaze. Nikasema, wifi, lete ule mfuko. Tukaenda uani, akanifunga mfuko wa samaki mgongoni kwa kitenge, tukaukaza kifuani kwangu, nikatembea. Nilitembea nikiupigapiga na kuuimbia. Machozi yananitoka tu.

Mlinzi wa geti akatuzuia. "Wewe mama! Hiyo toto natoka wodi gani?"

"Si mtoto, ni samaki."

"Samaki?" Akanizunguka. "Mama naimbia samaki?"

"Iko ya Rejaf," Kiden akamweleza, kama kwamba hilo linamaliza kesi. Ilibidi nifungue kitenge. Mlinzi akachungulia, harufu ikamjibu, akarudi nyuma. Tukamwachia wawili.

Jioni ganzi ikaisha. Maumivu yakarudi nyumbani kwake kana kwamba hayajawahi kutoka, nami nikajitupa kitandani. Kiden alikaa sakafuni analia, "Khalas, imekataa. Imekataa, Mama Keji." Mimi niliufikiria ule mfuko mwepesi mgongoni kwangu. Asubuhi tulikwenda kwa daktari kama watu wa matanga. Tukamwambia yamerudi yote. Akapiga makofi.

"Vizuri sana!"

Kiden nusura amrukie. Ikabidi atueleze upya: kuzimika na kurudi ndiko alikotaka, kwa maana ganzi haikuwa dawa, ilikuwa swali, na mgongo umejibu. Alirudia mara ya pili siku nyingine kuhakikisha, na mgongo ukajibu vilevile. Siku ile ile, kabla sijavaa viatu, simu ikalia. Alikuwa Keji, na nyuma yake sauti nyembamba inagomba na dunia.

"Mama, ni msichana."

Nilipiga vigelegele ndani ya hospitali ya watu. Wanaoumwa na wazima wakapiga nami.

"Sitamtoa nje mpaka uje," akasema Keji. "Lakini mama mkwe ameanza kuuliza. Anasema mtoto anahitaji jua, na kama wewe huwezi, yeye ana mgongo."

Moto wenyewe

"Sasa daktari," nikamwambia, "nichome hiyo sindano ya mwisho niende nyumbani."

Akaweka kalamu chini. Alionekana anatafuta neno. "Mama, safari hii... safari hii ni kuchoma kweli."

"Sindano."

"Sindano inaingia, halafu ncha yake inapata joto. Tunaiunguza ile neva ndogo isipeleke habari tena."

Kiden alisimama taratibu. Akanyoosha mikono juu. "Ya Rabbi! Mzee Dahir!"

Daktari hakuficha kitu. Si kila mgongo unafaa. Kiuno kitawaka wiki moja au mbili kabla ya nafuu. Na neva huota tena, kama majani, huenda baada ya mwaka, huenda zaidi kidogo. Nikauliza, "Na mtoto mchanga, ninaweza kumbeba?" Akasema nisibebe chochote mpaka uchungu wa sindano utulie, kisha nianze na kilicho chepesi. Nikapiga hesabu yangu kichwani. Neva itaota, ndiyo, lakini wakati huo mtoto atakuwa anatembea.

"Choma, daktari. Choma vizuri."

Walinibandika karatasi ya umeme pajani. Kabla ya moto alipitisha umeme mdogo, akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia kama simu inatetemeka ndani ya mfupa. "Mguu unaruka?" Hapana. "Safi." Kisha ganzi, kisha joto, si kali, zito tu, kama mtu ameniwekea chupa ya maji moto kwa ndani. Nilikuwa namwita mama yangu kimyakimya, yule aliyemtoa Keji. Niliinuka mezani nimelowa jasho, na furaha ilinijaa ingawa sikujua bado kama nimepona.

Kurudi, na Jumapili

Safari ya kurudi sina mengi. Nilipiga magoti tena kwenye kiti, safari hii nikitazama Kampala, na mgongo ulikuwa unawaka kama ngozi iliyolala juani. Gonja sikuzitamani. Kila baada ya muda Kiden aliuliza, "Imepona?" nami namwambia, "Nyamaza."

Nyumbani nilimpakata mjukuu wangu nikiwa nimekaa. Ana paji la uso la mama yangu, msinibishie. Lakini kumfunga mgongoni sikuthubutu. Siku zikapita, kiuno kinawaka. Majirani wakaanza kuuliza mtoto anafichiwa nini. Mama mkwe wa Keji alikuja na kitenge kipya begani, mwanamke mwema lakini ana haraka, akasema, "Mama Keji, pole na safari. Tungoje mpaka Jumapili. Ikishindikana nitamtoa mimi, hakuna ubaya." Nikamwambia hakuna ubaya. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Jumamosi kiuno kiliwaka. Jumapili nikaamka, nikawasha jiko, kijiko kikaanguka, nikakiokota, nikakoroga chai. Nikakoroga. Nikasimama. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nani amekiokota?

Nikakiangusha tena makusudi. Nikakiokota. Nikakiangusha mara ya tatu, Kiden akatoka na mswaki mdomoni kuuliza kelele za nini, akaniona nimeinama, akaniona nimeinuka. Mswaki ukaanguka. Nikauokota na wenyewe.

Mlijaa ua mzima siku ile, wengi wenu mlikuwepo. Hata Mzee Dahir alikuja na kilo za sukari, na neno lake la kwanza getini halikuwa salamu.

"Walichoma?"

"Walichoma, mzee."

Akawatazama watu wote kama mtu aliyeshinda kesi.

Niliinama sebuleni. Keji aliniwekea mtoto mgongoni. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekunjua kile kitenge kipya, akanifunga nacho, akakikaza kifuani. Kiden alitembea nyuma yangu, kiganja chini ya kichwa cha mtoto. Nikainuka. Nikavuka kizingiti. Jua likatupiga wote wawili, na vigelegele mlivipiga nyinyi, mimi nilikuwa nimefunga macho nasikiliza kiuno changu. Kilikuwa kimya. Kulikuwa na uzito mdogo tu, unapumua.

Tulifika getini, tukatoka barabarani, na ndipo nikasikia joto. Lilianza pale pale zilipoingia sindano, likasambaa pande zote mbili za kiuno, likateremka. Nikasimama ghafla. Kiden aliniona uso, akashtuka.

"Nini? Mama Keji, nini? Inachoma tena?"

"Inachoma, wifi," nikamwambia, mkojo wa mjukuu wangu ukinitiririka mpaka visiginoni. "Inachoma, na mtu asimtoe mgongoni."